Mlinzi wa kromosomu aliyekutwa kwenye mapigo ya moyo

Kuna wagonjwa ambao hospitalini wana mafaili mawili. Moja liko kwa daktari wa moyo, la pili kwa daktari wa tumbo, na mafaili hayo hayajuani. Mgonjwa wa kisa hiki ni wa namna hiyo. Moyo wake unapiga polepole mno, anapata kizunguzungu, pengine anazimia, na mwisho anawekewa pesimeka, kile kifaa kidogo kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua ili kiushtue moyo kwa umeme kila unapochelewa. Kwa daktari wa moyo kazi imekwisha. Lakini tumbo nalo lina lake. Linajaa, linavimba kama ngoma, anatapika, choo hakipatikani. Anapigwa picha kutafuta kilichoziba na hakionekani kitu: hakuna uvimbe, utumbo haujajisokota, njia ni nyeupe. Utumbo wenyewe ndio uliogoma kusukuma. Wengine hufika mahali ambapo chakula cha mdomoni hakitoshi kuwaweka hai, wakawa wanalishwa kwa mshipa, mfuko wa lishe ukitundikwa kando ya kitanda usiku kucha.

Kila tatizo kati ya haya mawili linajulikana peke yake. Kuchoka kwa kifundo kinachoanzisha mapigo ya moyo ni ugonjwa wa wazee. Ukimkuta nao mtu wa miaka 75 hushangai. Utumbo kugoma bila kuziba ni nadra, ila upo vitabuni. Kilichowashtua madaktari wa Quebec, lile jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, ni kuyaona yote mawili ndani ya mwili mmoja, tena kwa watu ambao hawajatimiza miaka 40, baadhi yao wakiwa watoto. Mwaka 2014 timu ya Philippe Chetaille na Gregor Andelfinger, wote madaktari wa moyo wa watoto, ilichapisha maelezo yao katika jarida la Nature Genetics. Wagonjwa walikuwa 17: 16 Wakanada wenye asili ya Ufaransa, na mmoja wa Sweden. Ugonjwa ukapewa jina refu ambalo kwa kifupi ni CAID, maana yake mvurugiko sugu wa mapigo ya moyo na ya utumbo.

Huyo mmoja wa Sweden naomba tumweke kando kidogo, tutamrudia.

Wote 17 walipopimwa vinasaba walikutwa na kosa lile lile, herufi moja tu, katika jeni moja iliyoko kwenye kromosomu ya 3. Na kila mmoja alikuwa nalo mara mbili, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Jeni hiyo wakati ule iliitwa SGOL1, siku hizi ni SGO1. Inatengeneza protini iitwayo shugoshini. Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa kigumu, kwa sababu kwa yeyote aliyeisoma, shugoshini haikuwa na habari yoyote na moyo wala tumbo. Ilijulikana kwa kazi moja: kulinda kromosomu zisiachane kabla ya wakati seli inapogawanyika.

Kazi hiyo inastahili kuelezwa vizuri, na mfano wake upo sokoni. Khanga hutoka kiwandani ikiwa doti, vipande viwili vilivyofanana kila kitu, pindo, mji na jina, vikiwa bado vimeungana. Fundi ndiye anayekata katikati. Akikata sawasawa, kila mmoja anaondoka na khanga yake. Seli inayojiandaa kugawanyika nayo hunakili kila kromosomu, ikapata dada wawili waliofanana, na dada hao hawaachwi huru. Hufungwa pamoja kwa pete za protini iitwayo kohesini, toka juu hadi chini. Mkasi wa kukata pete hizo upo pia: protini kubwa iitwayo separasi, yenye asidi amino (vipande vinavyoungana kuwa mnyororo wa protini) zaidi ya 2,000, ambayo muda mwingi hukaa imefungwa mdomo na mwenziwe mdogo, sekurini. Dada wote wakishashikwa na nyuzi za kuwavuta, mmoja huku na mwingine kule, sekurini huharibiwa, mkasi unafunguka, pete zinakatwa, na kila seli changa inaondoka na seti yake kamili ya kromosomu 46.

Shida ni kwamba kabla mkasi haujafunguliwa, pete nyingi zimeshaondoka. Mwanzoni mwa mgawanyiko seli huanza kuzivua pete za mikononi mwa kromosomu bila kukata chochote. Huzibandika fosfati, kipande kidogo cha kemikali, zikalegea, zikachomoka. Ufunguo huo ungeachwa ufanye kazi mpaka kiunoni, mahali panapoitwa sentromia, dada wangeachana hovyo kabla nyuzi hazijawashika. Shugoshini hukaa hapo kiunoni. Huja pamoja na kimeng'enya kinachobandua fosfati, kwa hiyo kila pete ya sentromia inayobandikwa fosfati hubanduliwa palepale, ikaendelea kushika. Mikono inaachia, kiuno kinabaki kimefungwa. Ile herufi X ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huichora anapochora kromosomu ni alama ya shugoshini iliyo kazini.

Jina lake nalo lina historia. Mwaka 2004 timu ya Yoshinori Watanabe huko Japani iliitambua kwenye aina moja ya hamira, katika ule mgawanyiko unaotengeneza mbegu za uzazi, wakaiita shugoshini, neno la Kijapani lenye maana ya roho mlinzi. Nzi wa matunda walikuwa na ndugu yake aliyekwishajulikana tangu miaka ya 1990, na binadamu naye akakutwa na yake. Jina tamu, na linaeleza vizuri kile kilichoonekana siku hiyo. Nalikumbushia kwa makusudi, maana naamini jina hili lilichangia kuwafanya watu wasitazame kwingine kwa miaka kumi.

Sasa turudi kwenye ile herufi moja. Katika jeni ya SGO1, herufi ya 67 ni A. Kwa wagonjwa imekuwa G. Matokeo yake, asidi amino ya 23 katika mnyororo wa protini inabadilika kutoka lisini kuwa asidi ya glutamiki. Anayeijua kemia atakunja uso mara moja, kwa kuwa lisini ina chaji chanya na glutamiki ina chaji hasi. Ni sawa na kuchukua sumaku katika mashine na kuigeuza upande. Hata hivyo protini haijafa. Panya walioondolewa kabisa jeni hii hawafiki hata kuzaliwa, hufia tumboni mwa mama wakiwa bado kiinitete. Wagonjwa wa Quebec wamezaliwa, wamekua, wamekwenda shule. Kwa hiyo tunachozungumzia ni mlinzi aliyeko zamu lakini anasinzia.

Kusinzia huko kunaonekana kwa macho. Ukitaka kuhesabu kromosomu za mtu unazikuza seli zake, unazitilia dawa inayozisimamisha katikati ya mgawanyiko, unazivimbisha kwa maji yenye chumvi hafifu, unazitilia dawa ya kuzihifadhi, kisha unadondosha tone moja juu ya kioo. Likidondoka vizuri, kromosomu zinatawanyika kama njugu zilizomwagika. Unapaka rangi, unatia tone la mafuta, unashusha lenzi ya 100. Kwa mtu wa kawaida utaona X kila mahali, zimebanwa kiunoni. Kwa seli za wagonjwa hawa kulikuwa na kromosomu ambazo kiuno hakikubana: dada wawili wamelala sambamba, juu hadi chini, kama reli zilizong'olewa mataruma. Wanasayansi wenyewe huuita mwonekano huo wa reli. Mtaalamu wa maabara akiona hivyo haulizi tena. Kilichoharibika ni kifungo cha sentromia.

Seli hizo, zilizotolewa kwenye ngozi, zilikuwa na mambo mengine. Zilikimbilia kugawanyika kuliko kawaida, halafu zikazeeka mapema. Ndani yake mfumo mmoja wa kupashana habari, unaoitwa TGF-beta, ulikuwa umewashwa kupita kiasi. Na samaki pundamilia, samaki wadogo wa maabara, walipopunguziwa shugoshini walipata kasoro zilizofanana na za wagonjwa. Samaki hao walikuwa na thamani kubwa katika hoja nzima. Kukuta kosa la jeni kwa watu 17 hakutoshi kuitia jeni hatiani; watu wa ukoo mmoja hushirikiana makosa mengi, na mengine hayana madhara. Lakini ukimpunguzia samaki protini hiyo hiyo na ukapata ugonjwa unaofanana, hakimu anaanza kusikiliza.

Ukoo wao nao una mengi. Idadi kubwa ya wenyeji wa Quebec wanaozungumza Kifaransa wametokana na wahamiaji wachache, watu elfu kadhaa waliovuka bahari katika karne ya 17 na ya 18, kisha wakazaana sana. Kosa la jeni lililobebwa na mmoja wao lilipata nafasi ya kusambaa kuliko ambavyo lingesambaa katika nchi yenye watu wengi. Na bahati ya watafiti ni kwamba mapadri wa Kikatoliki waliandika karibu kila ubatizo, kila ndoa na kila mazishi, na madaftari hayo leo yako kwenye kompyuta. Ukitaka kumfuata babu wa mtu wa Montreal kurudi vizazi kumi, unaweza. Watafiti walifuata nasaba za wagonjwa wao hadi kwa wanandoa wa Ufaransa wa karne ya 17.

Kwetu pwani mtu akisikia ugonjwa unaohitaji nakala mbili, lawama ya kwanza huangukia ndoa za mabinamu. Hapa hazikuhitajika. Wazazi wa mgonjwa wanaweza kuwa watu wasiojuana kabisa kiukoo, kila mmoja ana nakala moja, ni mzima wa afya, na hajui kuwa bibi wa bibi wa bibi yao ni yule yule.

Ndiyo maana yule wa Sweden ni muhimu. Kosa lake si tu kwamba linafanana na la wenzake. Hata kipande cha kromosomu kilicholizunguka kinafanana. Kosa hilo halikutokea mara mbili, limerithiwa kutoka chimbuko moja, na chimbuko hilo ni la zamani kuliko safari za kwenda Kanada. Watafiti walilikadiria kuwa la karne ya 12 hivi, kaskazini mwa Ulaya. Maana yake kwa daktari ni kwamba ugonjwa huu si mali ya Quebec. Huko ulionekana kwa sababu huko ulikuwa mwingi.

Hadi hapa kesi ilionekana kufungwa, na wengi waliisoma hivyo. Magonjwa ya kohesini yalikuwa familia inayojulikana tayari: ugonjwa wa Cornelia de Lange, ambao jeni yake ya kwanza ilipatikana mwaka 2004, ugonjwa wa Roberts mwaka 2005, na mwingine unaoitwa kwa jina la mji wa Warsaw. CAID ikaongezwa kwenye orodha. Mimi sikuridhika, na nadhani msomaji makini naye hapaswi kuridhika.

Hebu tazama seli zipi hugawanyika zaidi mwilini. Uboho hutengeneza damu mchana na usiku. Ngozi inajibadilisha. Utando wa ndani wa utumbo, ule unaogusana na chakula, unajifanya upya kila baada ya siku chache. Kama kasoro ingekuwa ya mgawanyiko peke yake, hao ndio wangeumia kwanza. Je, kilichoharibika kwa wagonjwa ni nini? Kwenye utumbo wao uharibifu ulikuwa katika misuli laini na katika mtandao wa neva unaoiendesha, wala si huo utando unaogawanyika kila saa. Na moyo ndio kabisa: mwaka 2009 watafiti wa Sweden walitumia mabaki ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, yaliyoacha kaboni ya aina yake katika DNA za watu, kupima umri wa seli za moyo wa binadamu. Walikuta kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli hizo kwa mwaka, na akizeeka ni chini ya nusu ya hapo. Mlinzi wa mgawanyiko anasinzia, halafu wanaoumia ni wale wasiogawanyika! Hesabu haikubali.

Ile habari ya TGF-beta ilisaidia kidogo. Mfumo huo ukiwashwa sana tishu huwa ngumu na kujaa nyuzi za kovu, na mwaka 2019 timu ya Quebec ilionyesha kwamba shugoshini ina mkono katika kuuendesha, na kwamba seli za wagonjwa zina alama tofauti juu ya DNA yao. Sawa. Lakini kovu hutokea popote. Kwa nini liende moja kwa moja kwenye viungo viwili vyenye mapigo?

Hilo neno mapigo ndilo lililobeba jibu, na lilikuwa kwenye jina la ugonjwa tangu siku ya kwanza. Moyo na utumbo hufanana kwa jambo moja: hakuna anayeviamuru kuanza. Sehemu ya juu ya moyo, katika chumba cha upande wa kulia, kuna kifundo cha seli ambazo chaji yake hupanda yenyewe taratibu hadi kufyatuka, kisha huanza upya, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Tumbo nalo lina seli zake za kuanzisha mawimbi, takriban matatu kwa dakika katika mfuko wa chakula na kama 12 katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba.

Mwaka 2021 jarida la Nature Communications lilitoa kazi iliyoanzia hapo. Seli za wagonjwa zilirudishwa utotoni, zikawa seli shina, kisha zikakuzwa kuwa seli za moyo. Seli za moyo zikiwa hai kwenye kisahani hupiga zenyewe. Unaziona kwa darubini zikijikunja na kujinyoosha bila kuambiwa. Za wagonjwa zilipiga polepole kuliko za watu wasio na ugonjwa huu, ingawa zilikuwa mbali na mwili, mbali na kovu lolote, na hazikuwa katika shughuli ya kugawanyika. Umeme wake ulipopimwa, mkondo mmoja ulikuwa umepungua: ule unaosaidia chaji kupanda taratibu kati ya pigo na pigo. Mkondo huo hupita katika mlango uitwao HCN4. Na shugoshini ikakutwa imeshikana na mlango huo.

Yaani protini iliyopewa jina kwa kazi yake ya sentromia ilikuwa na kibarua kingine, katika seli iliyokwishaacha kugawanyika, na kibarua hicho ni kusaidia mlango wa umeme wa moyo ufanye kazi yake. Lisini ya 23 ikigeuka, msaada unapungua, moyo unachelewa. Zile reli bila mataruma pale kwenye kioo zilikuwa ushahidi wa kweli wa kosa, lakini hazikuwa chanzo cha kuzimia kwa mgonjwa. Aliyezitazama hizo tu alikuwa amemkamata mtu sahihi kwa shitaka lisilo lake.

Upande wa tumbo haujafika mbali hivyo. Neva na misuli vimeonekana kuharibika, TGF-beta imetajwa, lakini mlango wa namna ya HCN4 ambao ungeeleza kwa nini mawimbi ya utumbo hufifia bado haujaoneshwa kwa uwazi ule ule. Na kwa mgonjwa tofauti hii ni kubwa. Pesimeka ya moyo haijali chanzo. Iwe ni uzee au herufi ya 67, ikichelewa sekunde inashtua. Utumbo hauna kifaa cha hivyo. Kuna lishe ya mshipa, na hiyo huja na hatari zake, kwanza maambukizi yanayopita kwenye mrija hadi kwenye damu.

Kinachobadilika leo ni jinsi ya kuyasoma yale mafaili mawili. Kijana anayekuja na tumbo lililogoma bila kuziba anastahili kupigwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo cha dakika chache kinachopatikana hata hospitali ya wilaya, na pengine kubebeshwa ile mashine ndogo inayorekodi moyo kwa saa 24, maana moyo unaosinzia usiku hauonekani saa nne asubuhi. Na kijana aliyewekewa pesimeka bila sababu inayoeleweka aulizwe choo chake kikoje. Likithibitika kosa la SGO1, ndugu zake wa baba mmoja mama mmoja waitwe wapimwe: kwa kila mmoja wao kuna nafasi moja kati ya nne ya kuwa na nakala zote mbili, nafasi mbili za kubeba moja bila kuugua, na moja ya kutokuwa nalo kabisa.